Shajara ya mradi: seva ya maabara ya shule, njia mbili za intaneti, na njia msingi iliyokuwa ikituhama

Hii ni kumbukumbu ya kazi niliyoifanya kwenye maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari niliyosoma, hapa Tanga. Naiandika ili fundi mwingine mwenye seva ya Linux katikati ya faiba na modemu ya laini asipoteze Jumamosi zake kama nilivyopoteza zangu. Nitaongeza kila hatua inapokamilika.

Mpangilio ni huu. Seva ni kompyuta ndogo iliyotumika, Debian 12, mitandao ikisimamiwa na faili ya `/etc/network/interfaces`. Kadi `enp1s0` imeunganishwa na kisanduku cha faiba, lango lake 192.168.100.1. Modemu ya USB yenye laini ina lango 192.168.8.1. Kadi `enp2s0` inakwenda kwenye swichi ya maabara yenye kompyuta 24, mtandao 10.20.0.0/24. Faiba ndiyo ya kila siku. Laini ni ya akiba, kwa sababu usajili wa watahiniwa hufanywa mtandaoni na tarehe ya mwisho haisubiri faiba ipone.

Neno moja kabla ya kuanza. Ninaposema njia msingi nina maana ya ule mstari wa `default` kwenye jedwali la njia: pakiti yoyote (kipande cha data) isiyo na njia yake mahususi hupita hapo. Kwa kerneli, yaani kiini cha Linux, mstari huo ni 0.0.0.0/0, mpana kuliko yote, kwa hiyo ndio wa mwisho kufikiriwa. Ikiwapo mistari miwili ya aina hiyo, mwenye metriki (namba ya kipaumbele) ndogo ndiye anayeshinda, na usipoandika metriki, Linux huihesabu kuwa 0, yaani yenye nguvu kuliko zote. Karibu matatizo yote ya hapa chini yanatoka kwenye sentensi hiyo ya mwisho.

Jumamosi, 11 Januari 2025: bando la mwezi limeisha kwa siku mbili

Mwalimu wa TEHAMA alinipigia: "Taa zote zinawaka, faiba ya kijani, modemu ya bluu, ila hakuna kinachofunguka." Nilipofika nilikuta bando la GB 40 tulilolinunua Alhamisi limekwisha. Faiba ilikuwa nzima. Nikachomeka kompyuta yangu moja kwa moja kwenye kisanduku, kurasa zikafunguka mara moja.

Kwenye seva:

```
$ ip route
default via 192.168.8.1 dev simu0
10.20.0.0/24 dev enp2s0 proto kernel scope link src 10.20.0.1
192.168.8.0/24 dev simu0 proto kernel scope link src 192.168.8.100
192.168.100.0/24 dev enp1s0 proto kernel scope link src 192.168.100.2
```

(Jina `simu0` nimelitoa mimi leo kwa faili ndogo ndani ya `/etc/systemd/network/`. Kabla ya hapo kadi iliitwa `enx` ikifuatiwa na anwani nzima ya MAC (namba ya utambulisho wa kadi), herufi 15, na nilikuwa naikosea kila ninapoiandika.)

Njia msingi ni moja tu, nayo inapita kwenye laini. Faiba imepewa anwani lakini haina njia. Kwa nini?

Umeme ulikatika Alhamisi usiku. Uliporudi, vyote vitatu viliwaka pamoja: seva, modemu na kisanduku cha faiba. Modemu ilikuwa tayari kugawa anwani ndani ya nusu dakika. Kisanduku kilichukua zaidi ya dakika mbili, nimekipima leo kwa saa. Kadi zote mbili zilikuwa zimewekwa `dhcp`, yaani zigawiwe anwani na lango na kifaa cha upande wa pili, bila metriki, kwa hiyo aliyewahi kujibu ndiye aliyeandika `default` yenye metriki 0. Faiba ilipoamka na dhclient (programu ya seva inayoomba anwani) akataka kuandika ya kwake, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Nimepekua kumbukumbu za mfumo nzima na sikukuta mstari hata mmoja wa kulalamika. Mashindano ya namna hii hayaonekani siku ambayo umeme haukatiki, ndiyo maana seva ilifanya kazi vizuri miezi yote ya nyuma.

Suluhisho la leo ni la muda, mstari mmoja:

```
ip route replace default via 192.168.100.1 dev enp1s0
```

Gharama: bando 35,000. Limelipwa na mfuko wa maabara, na limeniuma, kwa sababu fedha hizo zilikuwa za karatasi za mazoezi.

Jumamosi, 18 Januari, na Jumapili, 19 Januari: nilijifungia nje

Uamuzi: hakuna DHCP tena upande wa nje. Anwani nitaziandika mwenyewe. Nilizihariri kadi zote mbili kuwa `static`, kila moja na mstari wake wa `gateway`, kisha `systemctl restart networking`. Jibu:

```
RTNETLINK answers: File exists
ifup: failed to bring up simu0
```

Ujumbe huu unawachanganya wengi kwa sababu unazungumzia faili, na hakuna faili yoyote inayohusika. Maana yake ni kwamba njia yenye mwelekeo huohuo na metriki ileile imo tayari kwenye jedwali. `gateway` mbili zisizo na metriki ni kitu kimoja kilichoandikwa mara mbili, na kerneli inakikataa cha pili.

Kosa kubwa lilikuja baadaye, usiku, nikiwa nyumbani. Naifikia seva kwa WireGuard (programu ya handaki la siri ndani ya intaneti) inayopitia seva ndogo ya kukodi iliyo nje ya nchi, kwani watoa huduma wote wawili hawatupi anwani ya umma. Nilitaka kufuta njia ya laini iliyobaki kwenye jedwali. Nikaandika `ip route del default`, bila `via`, bila `dev`. Amri ilifuta ya kwanza iliyoikuta, ambayo ni ya faiba, ndiyo iliyobeba mawasiliano yangu mwenyewe. Skrini ikaganda katikati ya mstari. Nilijaribu kuunganisha upya kwa nusu saa nikijua wazi kwamba haiwezekani: handaki la WireGuard nalo linahitaji njia msingi kulifikia lango lake la nje.

Jumapili asubuhi nilipanda bodaboda, 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, mlinzi akanifungulia, nikaizima seva na kuiwasha.

Tangu hapo sifanyi mabadiliko yoyote ya njia kwa mbali bila kuandika hivi kwanza:

```
shutdown -r +10
```

Amri za `ip route` hubadilisha kumbukumbu ya kerneli tu, faili haziguswi. Nikijifungia nje, baada ya dakika 10 mashine inajiwasha upya na kurudi kama ilivyokuwa. Kazi ikienda sawa, naandika `shutdown -c` na safari ya kuwasha upya inafutwa. Lakini angalizo: hila hii haikuokoi kama umeshahariri faili yenyewe vibaya. Jaribu kwanza kwa amri, hariri faili mwisho.

Jumamosi, 25 Januari: metriki zimekaa, ila jaribio la kuchomoa waya limeshindwa

Faili sasa:

```
auto enp1s0
iface enp1s0 inet static
    address 192.168.100.2/24
    gateway 192.168.100.1
    metric 100

allow-hotplug simu0
iface simu0 inet static
    address 192.168.8.100/24
    gateway 192.168.8.1
    metric 200
```

Nimewasha upya mara nne, mara mbili nikichelewesha kisanduku cha faiba kwa makusudi. Kila mara njia mbili zipo na faiba inaongoza. Mashindano ya Januari 11 yamekwisha.

Kisha nikachomoa waya wa faiba nikitegemea laini ichukue. Haikuchukua. Mstari wa faiba ulibaki pale juu, umeongezewa neno tu:

```
default via 192.168.100.1 dev enp1s0 metric 100 linkdown
```

Linux inajua waya haupo, imeandika yenyewe, na bado inapeleka pakiti huko. Ndivyo ilivyopangwa mpaka uiambie vinginevyo:

```
sysctl -w net.ipv4.conf.enp1s0.ignore_routes_with_linkdown=1
```

Baada ya hapo nilichomoa tena, na `ip route get 1.1.1.1` ikajibu `dev simu0`. Amri hiyo ya `ip route get` ndiyo ninayoiomba kila anayesoma aizoee. `ip route` inakuonyesha jedwali, na wewe ubaki kukisia. `ip route get` inaiuliza kerneli yenyewe: pakiti ya kwenda mahali hapa utaipitishia wapi? Jibu lake halina ubishi.

Furaha yangu ilidumu mpaka mwalimu wa TEHAMA aliponiuliza swali la haki kabisa: "Sasa faiba ikikatwa huko barabarani na wachimba mitaro, waya wa hapa si utakuwa umechomekwa vilevile?" Ni kweli. Kisanduku kitaendelea kuwaka, 192.168.100.1 itaendelea kujibu pingi (pakiti ndogo ya kuuliza "upo?"), na seva haitajua chochote. Karibu kila kukatika kwetu ni kwa namna hiyo, si kwa waya kuchomoka ndani ya chumba.

Tunahitaji kupima njia mpaka nje, si mpaka langoni.

Jumamosi, 1 Februari: laini iliyosingiziwa

Hatua hii imenila wiki nzima, kwa hiyo nitaieleza polepole.

Ili kupima kila njia peke yake, unailazimisha pingi itokee kwenye kadi unayoitaka:

```
ping -c 3 -I enp1s0 1.1.1.1
ping -c 3 -I simu0 1.1.1.1
```

Ya kwanza ilijibu. Ya pili ilipotea asilimia 100. Nikahitimisha kwamba laini ni mbovu. Nikabadilisha bando, nikabadilisha nafasi ya modemu ikawa dirishani, Jumanne nikanunua laini nyingine ya kampuni nyingine, 2,000, na bando la wiki 10,000. Matokeo yaleyale. Lakini nikiichomeka modemu hiyohiyo kwenye kompyuta yangu, inafungua kila kitu. Hapo ndipo nilipopaswa kuacha kuitazama laini na kuitazama seva, na sikufanya hivyo mpaka Alhamisi.

Alhamisi jioni nilifungua madirisha mawili. Moja linapiga pingi, lingine linasikiliza kadi:

```
# tcpdump -ni simu0 icmp
IP 192.168.8.100 > 1.1.1.1: ICMP echo request, id 4121, seq 1, length 64
IP 1.1.1.1 > 192.168.8.100: ICMP echo reply, id 4121, seq 1, length 64
```

Jibu linarudi. Linafika hadi kwenye kadi ya seva yetu. Na dirisha la pingi linasema pakiti imepotea. Nilikaa nikiitazama mistari hiyo miwili kwa muda, kwa sababu inaonekana kama haiwezekani. Inawezekana: tcpdump husikia pakiti ikiwa mlangoni, kabla kerneli haijaamua kama itaipokea. Kuna mtu ndani anayeitupa.

Nikawasha kumbukumbu za pakiti zinazotiliwa shaka, `net.ipv4.conf.all.log_martians=1`, na `dmesg` ikaniambia mara moja:

```
IPv4: martian source 192.168.8.100 from 1.1.1.1, on dev simu0
```

Ni `rp_filter`. Ulinzi huu huangalia kila pakiti inayoingia na kuuliza: kama ningetaka kumjibu aliyeituma, ningepitia kadi hii? Ikiwekwa 1, ambayo ni hali kali, na jibu likawa hapana, pakiti inatupwa. Kwetu njia bora ya kwenda 1.1.1.1 ni faiba, metriki 100. Pakiti ya 1.1.1.1 inayoingia kupitia laini inaonekana ya uongo, ingawa ni jibu halali la swali tuliloliuliza wenyewe. Kwa seva yenye njia moja ulinzi huu ni mzuri. Kwa seva yenye njia mbili unaua njia ya akiba, tena kimya, na tena muda wote faiba inapokuwa nzima. Siku faiba inapokufa kwa waya kuchomoka, ghafla laini inafanya kazi, na ndiyo maana jaribio la Januari 25 lilifaulu na kunipoteza zaidi.

Aliyeitayarisha seva kabla yangu aliondoa alama ya `#` kwenye mistari ya `rp_filter` ndani ya `/etc/sysctl.conf`. Simlaumu, miongozo mingi ya usalama inashauri hivyo.

Nilipokuja kurekebisha nikaanguka kwenye mtego wa pili. Niliweka `net.ipv4.conf.simu0.rp_filter=0` nikidhani nimeuzima. Haukuzimika. Kerneli huchukua namba kubwa kati ya ile ya `all` na ile ya kadi. `all` ilikuwa 1, kadi 0, kubwa ni 1. Jibu sahihi ni 2, hali legevu, inayoridhika mradi mtumaji anafikika kwa kadi yoyote:

```
net.ipv4.conf.enp1s0.rp_filter=2
net.ipv4.conf.simu0.rp_filter=2
```

Kadi ya maabara nimeiacha kwenye 1, huko haina sababu ya kulegezwa.

Ukitaka kujua kama wewe pia unatupiwa pakiti bila kusoma kumbukumbu, tazama `nstat -az TcpExtIPReversePathFilter`. Yetu ilikuwa inapanda kwa kila pingi. Ningeijua amri hiyo Jumatatu, ningebaki na 12,000 zangu.

Jumamosi, 8 Februari: njia tatu badala ya mbili

Sasa kila njia inapimika, nikaandika skripti ya kuchunga. Wazo la kwanza: faiba ikishindwa, ipandishwe metriki iwe 300 ili laini yenye 200 iongoze.

```
ip route replace default via 192.168.100.1 dev enp1s0 metric 300
```

Neno `replace` lilinidanganya. Nilitegemea mstari wa 100 ugeuke kuwa wa 300. Kilichotokea ni mstari wa tatu kuongezeka: 100 upo, 200 upo, 300 upo, na pakiti zinaendelea kwenda kwenye faiba iliyokufa. Kwa kerneli, metriki ni sehemu ya utambulisho wa njia. `replace` hubadilisha lango au kadi ya njia yenye metriki hiyohiyo, haibadilishi metriki yenyewe.

Nikageuza wazo. Njia mbili za kudumu haziguswi kabisa. Faiba ikifa, skripti inaongeza njia ya tatu, kupitia laini, metriki 50. Faiba ikipona, inaiondoa hiyo ya 50. Uzuri wake ni kwamba skripti ikifa, au mashine ikijiwasha upya, hali ya kurudia ni ile salama iliyoandikwa kwenye faili.

```
#!/bin/sh
# /usr/local/sbin/chunga-njia
mabaya=0; mazuri=0; hali=faiba

hai() {
  for lengo in 1.1.1.1 8.8.8.8 9.9.9.9; do
    ping -n -q -c 1 -W 2 -I enp1s0 $lengo >/dev/null 2>&1 && return 0
  done
  return 1
}

ip route del default metric 50 2>/dev/null
while :; do
  if hai; then mazuri=$((mazuri+1)); mabaya=0
  else mabaya=$((mabaya+1)); mazuri=0; fi

  if [ $hali = faiba ] && [ $mabaya -ge 3 ]; then
    ip route replace default via 192.168.8.1 dev simu0 metric 50 && {
      hali=simu; logger -t chunga-njia "faiba imekufa, tunapita simu"; }
  elif [ $hali = simu ] && [ $mazuri -ge 30 ]; then
    ip route del default metric 50
    hali=faiba; logger -t chunga-njia "faiba imepona, tumerudi"
  fi
  sleep 10
done
```

Namba hizo 3 na 30 hazikuwa hivyo mwanzo. Nilianza na 1 na 1, lengo likiwa 8.8.8.8 peke yake. Siku ya kwanza njia ilihama mara nyingi kiasi kwamba wanafunzi waliokuwa wakipakua mazoezi hawakumaliza hata moja. Pakiti moja kupotea ni jambo la kawaida na hakumaanishi kwamba faiba imekufa. Kuondoka sasa ni baada ya kushindwa mara tatu mfululizo kwa malengo yote matatu. Kurudi ni baada ya dakika tano za afya tupu, kwa sababu faiba inayotengenezwa huwaka na kuzima mara kadhaa kabla ya kutulia.

Jumamosi, 15 Februari: kurasa mpya zinafunguka, za zamani zinaganda

Nilizima faiba kwa kuchomoa uzi wenyewe wa kioo nyuma ya kisanduku, taratibu, ili waya wa ndani ubaki hai. Ndani ya dakika moja laini ilichukua. Lakini video ya somo iliyokuwa ikicheza kwenye kompyuta ya mwalimu iliganda na haikurudi, huku kurasa mpya zikifunguka pembeni yake.

Sababu ni namna nilivyotafsiri anwani, yaani kuzibadilisha anwani za kompyuta za maabara ziwe ya seva zinapotoka nje. Niliandika `snat to 192.168.100.2` kwa faiba na `snat to 192.168.8.100` kwa laini. Mawasiliano yaliyoanza wakati wa faiba yaliendelea kubeba anwani ya faiba, yakatoka nayo kupitia modemu, na hayana pa kurudi. Nimebadilisha yote mawili kuwa `masquerade`: kadi ya kutokea ikibadilika, kerneli huyakata mawasiliano ya zamani, na programu huanza upya kwa anwani sahihi. Video sasa inasimama kidogo, kisha inaendelea.

Jambo la pembeni linalonikaa moyoni. Njia mbili za hapa ardhini si njia mbili za baharini. Tarehe 12 Mei 2024, kebo za intaneti za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania iliumia vibaya, na mwenye faiba na mwenye laini walikaa gizani pamoja. Mradi huu unatuokoa na mtaro uliochimbwa barabarani. Hautuokoi na hilo.

Jumamosi, 22 Februari: seva nzima, kompyuta zimepotea

Ripoti mpya: kompyuta tisa hazina intaneti, kumi na tano zinayo. Seva haikuwa na kosa lolote, nikageukia kompyuta yenyewe:

```
$ ip route
default via 192.168.1.1 dev eno1 proto dhcp metric 100
```

Sisi hatuna 192.168.1.1. Kuna mtu mwingine anayegawa anwani ndani ya maabara. `ip neigh show 192.168.1.1` ilinipa MAC yake, na niliifuata kwa kulinganisha na jedwali la swichi mpaka tundu la 19, kisha kwa mkono nikaufuata waya hadi ofisi ya walimu wa sayansi. Chini ya meza palikuwa na ruta ya Wi-Fi ya nyumbani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Umekuja kuangalia hiyo? Niliileta Jumatano, simu zetu zilikuwa hazishiki mtandao."

"Inatoa Wi-Fi vizuri, mwalimu, ila inazielekeza na kompyuta za wanafunzi kwake, na yenyewe haina pa kwenda."

"Basi iondoe, wanafunzi kwanza."

Sikuiondoa, maana hitaji lake lilikuwa la kweli. Nilizima ugawaji wa anwani ndani ya ruta, nikaipa 10.20.0.2, na waya nikauacha kwenye tundu la LAN, si la WAN. Sasa ni kituo cha Wi-Fi tu, anwani zinatoka kwenye seva yetu, na walimu wana mtandao. Kompyuta tisa nilizizima na kuziwasha, zikapata lango sahihi, 10.20.0.1.

Jumapili, 2 Machi: kwa wanaotumia BSD

Rafiki mmoja anaiga kazi hii kwa FreeBSD, mfumo wa jamii ya BSD unaofanana na Linux lakini si Linux, na amekwama kwa sababu hakuna amri ya `ip`. Kwa kifupi: jedwali ni `netstat -rn`, swali kwa kerneli ni `route -n get 1.1.1.1`, na njia msingi ya kudumu iko kwenye `/etc/rc.conf`, mstari wa `defaultrouter`. Kwa OpenBSD lango huandikwa ndani ya `/etc/mygate`, na huko kuna programu iliyoko tayari, `ifstated`, inayofanya uchungaji kama wa skripti yangu. Kwenye alama za netstat, `UGS` maana yake njia iko hai, inapita langoni, na imeandikwa kwa mkono. Skripti ya hapo juu usiinakili nzima huko, mambo ya metriki si sawa.

Jumamosi, 8 Machi: jaribio ambalo sikulipanga

Ramadhani hii niko macho wakati wa daku. Usiku wa kuamkia leo umeme ulikatika mtaa mzima na kurudi baada ya saa moja. Sikugusa kitu. Asubuhi nilisoma:

```
$ journalctl -t chunga-njia --since today
04:21:37 chunga-njia: faiba imekufa, tunapita simu
04:28:52 chunga-njia: faiba imepona, tumerudi
```

Ni tukio lilelile la Januari 11. Seva iliamka kabla ya kisanduku cha faiba, ikaenda kwenye laini kwa dakika saba, ikarudi yenyewe. Bando lililotumika: MB 14.

Gharama zote mpaka leo: bando lililopotea 35,000, bodaboda 6,000, laini na bando visivyohitajika 12,000. Jumla 53,000, bila kuhesabu seva na modemu vilivyokuwapo. Kilichobaki ni betri ndogo ya kukishikilia kisanduku cha faiba kwa zile dakika za mwanzo umeme unaporudi na kukatika tena. Nimeulizia bei dukani, mwalimu mkuu amesema ataipeleka kwenye kikao cha bodi. Ikinunuliwa, nitaandika hapa.